Nilivyotafuta Mtu wa Kuzungumza Naye Kiingereza

Katika mwaka wangu wa pili nikiwa msaidizi wa kiongozi wa watalii kwenye Mlima Kilimanjaro, mgeni mmoja alinieleza tatizo lake kwa Kiingereza chepesi kabisa, nami nikalielewa sivyo. Tulikuwa tumepita Lava Tower, penye urefu wa takriban mita 4,600, kisha tukateremka hadi kambi ya Barranco, kama ilivyo desturi ya njia ya Machame, ambapo mgeni hupandishwa juu mchana na kushushwa usiku alale chini zaidi ili mwili uizoee hewa nyepesi. Jioni nilipita kwenye mahema kuwajulia hali wageni, na dada mmoja akaniambia, "I'm not feeling so hot." Hakukuwa na neno hata moja katika sentensi ile ambalo sikulijua tangu kidato cha kwanza. Nikaelewa kwamba hasikii joto, yaani anaona baridi, nikaenda mbio kumletea koti zito na chupa ya maji ya moto ya kukumbatia, nikamhakikishia kwamba atapata joto sasa hivi. Akanishukuru, akajifunika. Saa moja baadaye kiongozi mkuu alipita na kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni, akamuuliza maswali yake ya kila jioni moja baada ya jingine, ndipo ikabainika kwamba kichwa kilikuwa kinampasuka tangu mchana, chakula hakukigusa, na alikuwa ametapika mara mbili. Maneno yale aliyoniambia, kumbe, kwa wenye lugha yao yana maana ya "sijisikii vizuri."

Dada yule aliangaliwa usiku kucha, akateremshwa kulipopambazuka, na alipofika chini hali yake ikarudi kuwa nzuri. Lakini mimi sikupata usingizi. Kutoijua nahau ile hakukunisumbua sana, kwa kuwa hakuna mgeni wa lugha anayezijua nahau zake zote. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba nilikuwa nimeona usoni mwake kitu kisichofanana na baridi, nikataka kumuuliza zaidi, na sentensi ya kumuuliza haikutoka. Ilikuwepo kichwani, ningeweza kuiandika kwenye karatasi bila kosa, ila kutoka mdomoni ilikataa, na kwa kuwa ilikataa nikachagua kuamini kwamba nimeelewa.

Watanzania wengi watalitambua jambo hili bila kuelezwa sana. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nikaingia sekondari ambako masomo karibu yote yalifundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne niliufaulu vizuri. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia hadi ngazi za juu, Serikali haikulifuata pendekezo hilo, na mjadala wake unaendelea mpaka leo. Sitauingilia hapa, kwa sababu mtu mwenye mgeni mbele yake kesho asubuhi hawezi kusubiri mjadala uishe. Ninachoweza kukieleza ni hesabu ndogo ya darasa letu. Kipindi kilikuwa cha dakika 40 na sisi tulikuwa zaidi ya 60. Hata kama mwalimu angenyamaza kipindi kizima na kutuachia nafasi yote, kila mmoja wetu asingefikisha dakika moja ya kuzungumza, na hakuna mwalimu anayeweza kufundisha huku amenyamaza. Juu ya hayo, shule yetu ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, ambacho aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Nia ilikuwa kutulazimisha tuseme Kiingereza. Matokeo yake yalikuwa kwamba tulijifunza kunyamaza, kwa maana asiyesema lolote hakuwahi kuvalishwa kibao, na tabia ile ya kukaa kimya ili kujinusuru niliibeba hadi mlimani.

Nilipoanza kazi ya upagazi niliamini kwamba Kiingereza kitakuja chenyewe kwa kuwa karibu na Wazungu. Ni imani ambayo vijana wengi wa Moshi na Arusha wanayo, nami nasema wazi kwamba inawapotezea miaka. Mpagazi hupimiwa mzigo wake langoni, ambao hautakiwi kuzidi kilo 20, kisha hutangulia mbio ili mahema yawe yamesimama kabla wageni hawajafika; anaweza kupanda na kushuka kwa siku saba na asiseme na mgeni zaidi ya "jambo" na "pole pole," ambayo hata siyo maneno ya Kiingereza. Msaidizi wa kiongozi yuko karibu zaidi na wageni, lakini mgeni anayepanda mlima ana shida zake: pumzi hazimtoshi, miguu inamuuma, na hakulipa fedha nyingi ili awe mwalimu wa mtu. Nikimng'ang'ania anifundishe, nitakuwa nimemgeuzia kazi. Isitoshe, ninapozungumza naye tayari niko kwenye mtihani, na mazoezi ni lazima yawe yamefanyika kabla ya mtihani.

Mtu wa kufanya naye mazoezi nilikuja kumpata mahali ambapo sikuwahi kumtafuta, nayo ni hema langu mwenyewe. Nilikuwa nikilala na msaidizi mwenzangu, kijana wa Kibosho ambaye Kiingereza chake kilikuwa kama changu, kizuri cha kuandika na kibovu cha kusema. Safari iliyofuata baada ya ile ya Barranco nilimweleza kila kitu, nikamwomba kwamba kila usiku, tukishazima taa, tuzungumze Kiingereza kwa muda wa dakika 20 kabla ya kulala. Alisita kwanza, akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile: sisi wawili sote hatukijui, sasa nani atamsahihisha nani? Nikamjibu kwamba tatizo letu si kukosa wa kutusahihisha. Sarufi tulifundishwa kwa miaka mingi. Ulimi na masikio ndiyo havijawahi kufanya kazi pamoja, na kwa hilo yeye na mimi tulitosha.

Giza lilitusaidia kuliko nilivyotarajia. Mtu anayetafuta neno asiyeonekana uso hana haja ya kujitetea kwa kicheko wala kwa kuangalia pembeni. Usiku wa kwanza tulisimuliana tu mambo ya siku ile: nani alichelewa, mpishi alipika nini, ukungu ulishuka saa ngapi. Sentensi zilikuwa fupi na zenye makosa, na kati ya moja na nyingine palikuwa na ukimya mrefu. Wapagazi wenzetu, wagumu kama wanavyoitana, walikuwa kwenye hema la jirani, na turubai halizuii sauti. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, Wazungu wamehamia huku leo!" na kambi nzima ikaangua kicheko. Mwenzangu akanyamaza. Nadhani laiti tungeamua kulala wakati ule, mambo yangeishia pale. Badala yake nilimuuliza kwa sauti ya chini swali lililofuata, naye baada ya muda akajibu, na usiku wa tatu mmoja wa wale waliocheka akaja kuketi mlangoni mwa hema letu, akaomba asikilize.

Kicheko kile nimekifikiria sana, kwa kuwa ndicho kizuizi kikubwa zaidi kuliko sarufi, matamshi na msamiati kwa pamoja. Kwetu mtu anayejaribu Kiingereza mbele za watu huambiwa anajitia uzungu, anaringa, anataka kuonekana amesoma. Na akikosea baada ya kujaribu, hucheka hata yule ambaye hawezi kusema sentensi moja. Kwa hiyo mwenye akili hungoja mpaka akijue kikamilifu ndipo akiseme, na kwa kuwa hakisemi hakijui kamwe. Ndiyo maana mapatano ya kwanza tuliyoyaweka, mimi na mwenzangu, yalikuwa kwamba hakuna kucheka, na ya pili kwamba hakuna kumkatiza mtu ili kumsahihisha mpaka amalize alilokuwa anasema, hata kama amekosea nyakati zote tatu katika sentensi moja.

Mapatano ya tatu yalitokana moja kwa moja na Barranco, nayo ni kwamba hakuna kusema "yes" kabla ya kuelewa. Yanaonekana mepesi, lakini yalituchukua muda mrefu kuliko mengine, na sababu yake naiona katika malezi. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hamwambii mkubwa wake, "Sijakuelewa, sema tena." Huitikia kwanza, kisha huenda kuuliza pembeni. Mgeni naye ni mtu wa kuheshimiwa, hivyo tunaitikia "yes, yes" kwa adabu tupu, na yeye, ambaye kwao kuomba jambo lirudiwe si utovu wa heshima hata kidogo, anaondoka akijua kwamba ameeleweka. Ilitubidi tulifanyie mazoezi jambo hilo peke yake. Mmoja wetu alikuwa akichukua neno gumu kutoka kwenye kamusi au kwenye maongezi ya wageni wa siku ile, analitumia makusudi katika habari yake, na mwingine haruhusiwi kuendelea mpaka ameuliza. Tulizizoeza sentensi chache mpaka zikawa zinatoka bila kufikiriwa: "Sorry, can you say it another way?" na "Do you mean your head or your stomach?" na "Show me where." Sentensi ya mwisho ina maneno matatu tu, lakini mlimani naithamini kuliko insha zote nilizowahi kuandika, kwa sababu mgeni ataonyesha kwa kidole na kidole hakina nahau.

Kuhusu matamshi, nilidhani nina nafuu mpaka nilipojirekodi kwa simu na kujisikiliza. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomwa kama ilivyoandikwa. Kiingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini ukihesabu na zile zinazoungana, nazo hujificha ndani ya herufi zilezile tano. Sikio langu lilikuwa linazitupa nyingi kwenye "a" yetu moja. Nilijirekodi nikisema maneno manne ambayo kila siku yako kinywani mwa mtu wa kazi yangu: kofia, ambayo ni "hat", kibanda cha kulala, ambacho ni "hut", moyo, yaani "heart", na kuumia, yaani "hurt." Yote manne yalitoka "hat." Msomaji ajaribu mwenyewe kwa sauti. Katika kijiwe, mtu ataelewa kwa muktadha. Lakini mgeni anayevuta pumzi kwa shida kwenye mita 4,000 akiulizwa kama anaumia, naye akasikia anaulizwa habari za moyo wake, ataogopa bila sababu. Niliyafanyia kazi maneno hayo manne kwa muda wa wiki mbili kabla ya kuongeza mengine: nasikiliza neno kwenye kamusi ya simu inayotamka, nalisema, nalirekodi, nalinganisha. Ni kazi isiyo na raha, ila ilizaa matunda ambayo kusoma peke yake hakukuzaa.

Kuna upande ambao lugha yetu imetupa mtaji, na sijui kwa nini hautajwi. Wajerumani na Wafaransa wengi niliowasikia huhangaika na sauti za "think" na "this," kwa kuwa kwao hazipo. Sisi tunazo, tulizipata kupitia maneno yenye asili ya Kiarabu: anayesema thelathini na dhahabu sawasawa hana la kujifunza hapo, isipokuwa kama amezoea kusema selasini na zahabu. Ambako tunateleza tena ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mara zote isipokuwa maneno machache, na tunaubeba mkazo huo hadi kwenye "hotel" na "police," ambako Waingereza huuweka mwishoni. Mkazo ukihama, mgeni husikia neno asilolijua.

Niliwataja Wajerumani, nao walinifundisha jambo jingine bila wao kujua. Safari moja nilikuwa na wageni wawili wazee, mume na mke, na bwana yule alikuwa ananieleza kuhusu kazi aliyokuwa akifanya kabla ya kustaafu. Akakwama katikati. Alisimama, akatazama juu, akamuuliza mkewe kwa Kijerumani, mkewe naye hakulijua neno lile, basi akalieleza kwa mzunguko, kwamba ni kitu cha chuma kinachozunguka ndani ya mashine, akaendelea na hadithi yake bila dalili yoyote ya kuona haya. Nilikuwa mtu mzima, na ndiyo kwanza nilikuwa nikimwona Mzungu akisaka neno la Kiingereza. Hapo nikatambua kwamba sehemu kubwa ya wageni ninaowaongoza ni wanafunzi wa lugha hii kama mimi, na kwamba kinachowatofautisha nami ni kuwa wao, neno likikosekana, hulizunguka na kusonga mbele.

Redio nayo ilinisaidia, hasa matangazo ya Sauti ya Amerika ya Kiingereza cha polepole, ambayo yalianza mwaka 1959 kwa msamiati wa maneno yapatayo 1,500 na mwendo mdogo kuliko wa taarifa za kawaida. Mtu aliweza kuyasikiliza na kusema pamoja na msomaji, sentensi yake ikiwa bado hewani, akimfuata kama kivuli. Nilikuwa nikifanya hivyo nikitembea, kwa sauti ya chini. Lakini redio haikusubiri jibu, na bila mtu anayesubiri jibu lako hujazungumza.

Ndiyo maana sehemu ninayoithamini kuliko zote ni baraza letu la Moshi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei mvua za masika hunyesha, wageni hupungua sana mlimani, na wengi wetu hukaa nyumbani bila kazi. Mwenzangu wa hemani ndiye aliyependekeza tusiache. Tulianza watu wanne kwenye baraza la nyumba yao, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Sasa hatupungui kumi na wawili, wakiwemo wapagazi, mpishi mmoja na dada anayeuza vifaa vya kupandia mlima karibu na stendi. Hatulipi ada, tunachangia chai tu. Wasioweza kufika hutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, na kuna sharti kwamba katika kundi lile hakuna kuandika.

Utaratibu wetu mkuu umeenezwa na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha wa New Zealand, na hauhitaji kitabu wala mwalimu. Mtu huchagua habari anayoijua vizuri, anaisimulia kwa mwenzake kwa dakika nne. Kisha anahamia kwa mwingine na kuisimulia habari ileile kwa dakika tatu. Kisha kwa wa tatu kwa dakika mbili. Saa iko kwenye simu. Mara ya kwanza anatafuta maneno, mara ya pili maneno yapo na anatafuta mpangilio, mara ya tatu hana muda wa kutafuta chochote, na hapo ndipo ulimi hulegea. Habari tunazozichagua ni zile ambazo kazi inatudai: jinsi ya kumweleza mgeni kwamba begi lake limechelewa uwanja wa ndege, kwa nini lazima ateremke ingawa kilele chenye mita 5,895 anakiona kwa macho, choo kiko wapi na kikoje. La kumwambia mtu ateremke tunalirudia mara nyingi, kwa kuwa linahitaji upole na msimamo kwa wakati mmoja, na kuupata upole katika lugha ya kigeni ni kugumu kuliko kupata msamiati.

Aprili iliyopita alikuja kijana mmoja mpagazi, aliyemaliza darasa la saba tu na hakuwahi kukaa darasa la sekondari hata siku moja. Alichagua kusimulia siku mbuzi wa bibi yake alipopotea. Katika dakika nne za kwanza alisema sentensi tatu, na muda uliobaki alikaa kimya akitazama vidole vyake, na mwenzake aliyekuwa anamsikiliza akakaa naye kimya vilevile, akingoja, kama tulivyopatana. Katika dakika tatu mbuzi alifika mtoni. Katika dakika mbili mbuzi alipatikana, bibi alilia, na jirani aliyekuwa amemfungia zizini kwake akajulikana. Kisha ikafika zamu ya maswali, na mpishi wetu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na amefanya kazi mlimani tangu kijana yule hajazaliwa, akamuuliza kwa Kiingereza kama bibi alimsamehe jirani. Neno la kusamehe kijana hakulijua. Nilimwona akifungua mdomo kuitikia, kisha akaufunga. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Akamtazama mzee yule usoni na kusema, taratibu, "Sorry, mzee. Say it another way?" Mzee akalisema swali lake upya kwa maneno mengine, na kijana akamjibu.